Fundi wa Saa 45

Kozi moja ya chuo kikuu nchini Kenya kwa kawaida hupewa saa 45 za mihadhara. Ukizitandaza kwenye wiki 15 za muhula, unapata saa tatu kwa wiki. Ni saa chache. Ndani yake mhadhiri anatakiwa kumpokea kijana ambaye amekuwa akiposti tangu sekondari, na kumtoa akiwa na uwezo wa kumwelekeza mteja wa umeme, kwenye skrini ya upana wa vidole vinne, abonyeze nini kwanza na nini baadaye, bila kumpoteza njiani.

Kozi ninayoisimulia inahusu mitandao ya kijamii kwa waandishi wa kiufundi, yaani wale wanaoandika miongozo ya mashine, maelezo ya programu, ilani za mvua na maelekezo ya dawa. Anayeiunda ni mhadhiri wa chuo kimoja katikati ya Nairobi. Ofisi yake ni chumba chembamba chenye dirisha linaloitazama barabara ya matatu ziendazo magharibi: 46 za Kawangware, 105 za Kikuyu, 111 za Ngong. Vifaa vyake ni vichache: daftari la mistari, penseli, kifutio, kadi ngumu za ukubwa wa kiganja, gundi ya karatasi, kompyuta ya mkononi, na simu mbili. Moja ni yake ya kila siku. Nyingine ni ya bei ya chini kabisa, kioo kimepasuka pembeni, na kazi yake tutaiona.

Hatua ya kwanza ni kukusanya. Kabla ya kuandika hata jina la kozi, mhadhiri huyu hutafuta maandishi ambayo wakazi wa jiji wanayategemea. Lipo tangazo la Kenya Power la kukatizwa umeme, lenye umbo ambalo kila mtu mjini analijua: eneo, tarehe, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kisha msururu wa majina ya mitaa na maneno ya kuwajumuisha wateja wa jirani. Ipo ilani ya mvua kubwa kutoka Idara ya Hali ya Hewa, yenye makao yake Dagoretti Corner, kando ya Ngong Road. Zipo kurasa za Daraja, mfumo ambao Safaricom iliuzindua mwaka 2017 ili waundaji wa programu waunganishe kazi zao na M-Pesa. Kipo kikaratasi kilichotolewa ndani ya paketi ya dawa ya watoto.

Kila kimoja kinabandikwa ukutani, na chini yake penseli inaandika mambo matatu: nani anasoma, anatakiwa afanye nini, na akisoma vibaya atapata hasara gani. Kisha karatasi zinahamishwa. Mwingine angezipanga kwa mitandao, za Facebook huku, za WhatsApp kule. Yeye anazipanga kwa uzito wa hasara. Kikaratasi cha dawa kinapanda juu, ilani ya mvua inakifuata, tangazo la ofa ya bando linashuka karibu na sakafu. Anarudi nyuma hatua mbili, anatazama, anabadilisha mbili tatu, anatazama tena. Kufikia hapo kozi haina hata sentensi moja, lakini tayari mtu anajua itakuwa kali wapi na legevu wapi.

Hatua ya pili ni matokeo tarajiwa, zile sentensi zinazosema mwanafunzi ataweza kufanya nini muhula ukiisha. Mwaka 1956 Benjamin Bloom na wenzake nchini Marekani waliyapanga malengo ya elimu kwa ngazi, kutoka kujua hadi kutathmini, na tangu wakati huo walimu wengi duniani wanapimwa kwa vitenzi wanavyovichagua. Mhadhiri wetu anavichambua kama mtu anayechambua mchele kwenye ungo. Mwanafunzi “ataelewa mitandao ya kijamii”: inatupwa, kwa kuwa hakuna msahihishaji anayeweza kuona kuelewa. “Atathamini umuhimu wa mawasiliano”: inatupwa. Yanayobaki ni matendo yenye alama za kuonekana. Atapanga upya maelekezo marefu kwa msomaji mwenye haraka. Atafupisha bila kupunguza onyo. Atajibu swali la mwananchi kwa kurejelea chanzo. Atasahihisha kosa hadharani. Atapima kama ujumbe ulitendewa kazi. Orodha ya kwanza ilikuwa na matokeo tisa. Yamebaki matano, na kila lililoondolewa liliondolewa kwa sababu iliyoandikwa pembeni ya ukurasa.

Katika matokeo hayo matano hakuna jina la mtandao wowote. Twitter ilibadilishwa jina na kuwa X mwezi Julai 2023, na mitaala iliyokuwa imelitaja jina la zamani ikazeeka kwa siku moja. Mtaala wa chuo ukishaidhinishwa hukaa miaka, hauguswi kila kampuni ya ng’ambo inapobadilisha nembo. Msaidizi wake kijana aliingia siku moja na kadi mkononi.

“Daktari, hii TikTok tuiweke kwenye matokeo gani?”

“Iweke kwenye zoezi,” alijibu bila kuinua kichwa. “Zoezi nalibadilisha muhula ujao peke yangu. Matokeo hayabadiliki bila Seneti ya chuo.”

Hatua ya tatu inawashangaza wanaodhani kozi huandikwa kuanzia wiki ya kwanza. Anaandika mtihani. Grant Wiggins na Jay McTighe waliieleza njia hii katika kitabu chao cha mwaka 1998: amua kwanza unataka mwanafunzi afike wapi, kisha amua utakubali ushahidi gani kwamba amefika, ndipo upange masomo. Mhadhiri anaifuata njia hiyo kwa utulivu wa mtu aliyewahi kuona hasara ya kuiacha.

Mtihani wake ni wa saa tatu na unahusu mvua. Mwanafunzi anapewa ilani yenye lugha ya wataalamu: mvua inayozidi milimita 20 katika saa 24, kiwango cha uwezekano kwa asilimia, majina ya kaunti. Anatakiwa atoe vitu vinne: ujumbe mmoja mfupi, mchoro mmoja pamoja na maelezo yake kwa msomaji asiyeona, majibu ya maswali matatu ya wananchi, na sahihisho. Sahihisho la nini? Katikati ya mtihani msimamizi anagawa karatasi ya pili: ilani imebadilishwa, kaunti moja imeondolewa na muda umesogezwa. Ujumbe wa kwanza umeshatoka. Sasa mwanafunzi afanye nini?

Kabla ya kumpa mtu mwingine mtihani huo, mhadhiri anaufanya mwenyewe, saa ikiwa mezani. Anaanza na milimita 20. Mtu wa kawaida hana picha ya milimita za mvua. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, kwa hiyo milimita 20 ni mtungi mmoja wa lita 20 juu ya kila mita ya mraba. Anakokotoa paa la mabati la mita nne kwa tano, la nyumba kama zilizopo Kawangware: mitungi 20, lita 400, ambazo zitateremka upande mmoja hadi kwenye mtaro mmoja. Anaiandika sentensi hiyo, anaisoma kwa sauti, anairidhia. Halafu anairudia kwa jicho la pili, na penseli inapiga mstari chini ya neno “zitateremka”. Ilani ilizungumzia uwezekano, naye ameandika kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Anaandika upya: “mvua ikifika kiwango hicho”. Kwenye mwongozo wa kusahihisha anaongeza kigezo ambacho hakikuwapo asubuhi: ufafanuzi usizidi ushahidi wa chanzo.

Kigezo hicho kimoja kilimlia nusu siku. Ndicho kitakachomtofautisha mwandishi wa kiufundi na mpiga porojo mwenye wafuasi wengi.

Hatua ya nne ni kuchagua kisa cha kufundishia, kile ambacho darasa litakirudia mpaka mikono izoee. Alivijaribu vingi na akakaa na kimoja: mita za umeme za tokeni. Kila tokeni ya umeme ina tarakimu 20. Hadi mwaka 2024, namba iliyokuwa ndani yake ilihesabu dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi iliyotengewa namba hiyo haiwezi kupita dakika 16,777,215. Hesabu hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024, katika mita zote duniani zilizotumia mwanzo huo wa 1993. Mita ambayo isingesasishwa kabla ya siku hiyo ingekataa tokeni mpya. Kwa hiyo wateja wa Kenya Power walitumiwa mafungu matatu ya tarakimu 20: mawili ya kwanza ya kuisasisha mita, la tatu la umeme walioununua. Lazima yaingizwe kwa mpangilio huo.

Tazama jinsi anavyokigawa kisa hiki. Somo la kwanza, wanafunzi wanapewa maelezo ghafi na kuandika maelekezo ya hatua tano yasiyopita skrini moja ya simu. Somo la pili, kila mmoja anampa mwenzake maelekezo yake pamoja na karatasi iliyochorwa vitufe vya mita. Mwenzake anafanya yaliyoandikwa tu, bila kuuliza wala kukisia. Kidole kikisita, mwandishi anatia alama ya penseli mahali kiliposita, na haruhusiwi kusema neno. Somo la tatu, yanakuja maswali ya umma: Je, tokeni yangu ya mwezi uliopita imeharibika? Nimeingiza la tatu kwanza, nifanye nini? Nitajuaje kama ujumbe huu haukutumwa na matapeli? Swali la mwisho ndilo analolipenda kuliko yote. Wakenya wamefundishwa na maisha kuushuku ujumbe wenye namba ndefu unaowataka wabonyeze kitu. Maelekezo yaliyo sahihi lakini hayaaminiki hayajafika popote, na mwanafunzi lazima ajue kumwelekeza msomaji mahali pa kuthibitisha.

Hatua ya tano ni wiki zenyewe. Kadi 15 zinatandazwa mezani, wiki moja kwa kadi moja, na kwa siku kadhaa zinahamahama. Kinachotafutwa ni mpangilio ambao kila wiki inaitumia iliyotangulia. Msomaji anakuja kwanza, kisha maelekezo, kisha ushahidi, kisha majibu kwa umma, kisha kosa na sahihisho, kisha kupima, kisha kuhifadhi kumbukumbu za kilichotangazwa. Ndani ya kila kadi panaingia kisa cha hapa kwetu.

Kwenye kadi ya msomaji yupo Francis Kariuki, chifu wa Lanet Umoja karibu na Nakuru, aliyejulikana mwaka 2012 kwa kuwaarifu wakazi kupitia Twitter. Wengi wao hawakuwa na simu za intaneti. Walizipata taarifa zake kama ujumbe mfupi wa kawaida. Kondoo aliyepotea, wezi kwenye nyumba ya mwalimu alfajiri: habari moja, mahali pamoja, tendo moja. Kwenye kadi ya ushahidi lipo jukwaa la mtandaoni la Ushahidi, lililozaliwa mwezi Januari 2008 wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya, likakusanya taarifa za watu na kuzipanga kwenye ramani. Kwenye kadi ya majibu kwa umma kuna shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, Septemba 2013, ambapo umma ulipokea kwenye mitandao taarifa za maafisa zilizokinzana kwa siku nne. Mhadhiri ameandika chini ya kadi hiyo kwamba somo litaongozwa kwa sauti ya chini na bila picha, kwa kuwa watu 67 waliuawa na huenda darasani mna aliyefiwa.

Kadi ya kupanga upya maandishi magumu ilibaki tupu muda mrefu, hadi alipokumbuka Juni 2024. Vijana wa Kenya waliuchukua Mswada wa Fedha, wakaufafanua kwa video na michoro katika lugha nyingi za nchi. Bila mtu kuwapa jina hilo, walikuwa wakifanya uandishi wa kiufundi. Zoezi lake linachukua pendekezo moja tu, kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, ambalo liliondolewa kwenye mswada kabla ya kura. Mwanafunzi akokotoe kwa gari la shilingi 800,000, apate shilingi 20,000, aeleze kiwango cha chini na cha juu, kisha ataje tarehe ambayo maelezo yake yaliacha kuwa kweli. Maelezo mengi yaliendelea kuzunguka baada ya pendekezo lenyewe kufa. Ndiyo maana tarehe ina alama zake.

Kadi ya sheria ilihama kuliko zote. Mwanzoni ilikuwa wiki ya 13, mahali ambapo kozi nyingi huificha sheria. Aliitazama, akaitoa, akaiweka ya tano, kabla ya wiki ambayo wanafunzi wanatoka kupiga picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ina meno. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mwanafunzi ayajue hayo kabla kamera haijawashwa.

Hapo hapo anaandika kanuni yake mwenyewe: hakuna mwanafunzi atakayelazimishwa kutumia akaunti yake binafsi. Mazoezi yote yatafanyika kwenye karatasi zilizochapwa umbo la skrini au ndani ya kundi lililofungwa la darasa. Anayejifunza atakosea, na makosa yake yana haki ya kubaki darasani.

Sasa inakuja ile simu ya kioo kilichopasuka. Kila faili ambayo mwanafunzi ataifungua, mhadhiri anaifungua kwanza kwenye simu hiyo, kwa bando la kununua na bila mtandao wa chuo. Anashuka nayo hadi kituo cha matatu, anaisoma juani, anaisoma ndani ya 46 ikipanda Valley Road. Video ya dakika kumi inakatwa kuwa dakika tatu na maandishi yake yanawekwa kando, ili asiye na bando la kutosha asome badala ya kutazama. Jedwali lenye safu sita linavunjwa kuwa orodha. Maandishi ya kijivu yanafanywa meusi. Kila picha inapewa maelezo ya maneno. Hakuna atakayemsifu kwa mambo haya, kwa sababu yakifanywa vizuri hayaonekani.

Hatua ya mwisho mezani ni mwongozo wa kusahihisha. Anaandika majibu matatu ya kubuni: zuri, la wastani, baya. La wastani ndilo gumu, maana huko ndiko wasahihishaji hukosana. Anampa mwenzake wa idara, kila mmoja anatuza alama peke yake, kisha wanaweka karatasi bega kwa bega. Wanapotofautiana kwa alama nyingi, hawabishani kuhusu mwanafunzi. Wanakitafuta kigezo kilichowapotosha na kukiandika upya. “Lugha nzuri” inakuwa “kila sentensi ya maelekezo inaanza na kitenzi cha kutenda”. “Ubunifu” inafutwa kabisa.

Kutoka hapo faili inaenda idarani, kitivoni, kwenye kikao cha wadau, Seneti, na hatimaye mtaala mzima unaobeba kozi hii unapelekwa kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kila kituo kinarudisha maoni. Mengine ni ya maana, mengine ni ya nafasi ya koma. Anayajibu yote kwa jedwali lenye safu mbili, maoni na kilichofanywa, na sikumwona akiruka hata moja. Nilichokiona ni mtu anayeandika kwa ajili ya msomaji mwenye haraka, na yeye mwenyewe hana haraka.

Saa 45 zimo katika ratiba ya chuo. Saa za kuziandaa hazimo, na wakuu wa idara wangefanya haki wakizitengea nafasi. Nawe mwanafunzi, utakapopewa muhtasari wa kozi wiki ya kwanza, usiukunje ukautia mfukoni. Soma matokeo tarajiwa, kisha uliza mtihani utakuwa wa namna gani, kisha uzipitie wiki moja moja uone kama zinakupeleka huko. Zikikupeleka, kuna mtu aliyekuhudumia kabla hujajiandikisha. Zisipokupeleka, inua mkono uulize kwa heshima, mapema, muhula ukiwa bado mbichi.